Buloni za Kambale Wawili

Tangu niache kuuza buloni, yaani bolti za magari, mikono yangu imeanza kunuka sabuni. Asubuhi naamka, nasali, nakunywa chai yangu polepole, na hakuna mtu wa kunigongea mlango akiniuliza kama nina buloni ya dix-neuf, kumi na tisa, ndefu. Watoto wangu waliogopa kwamba nitaugua kwa kukaa bure. Sijaugua. Nimenenepa kidogo, na magoti yangu, ambayo yalikuwa yanalalamika kila nikiinama chini ya meza, siku hizi yananyamaza. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, na namshukuru zaidi kwamba imekwisha.

Ninyi mabinti mliobaki kwenye meza yetu sokoni mliniomba niwaachie maneno. Mambo ya faida mtayajua wenyewe, hayo hayana haja ya mwalimu. Mimi nitawaeleza jinsi ya kumuuzia buloni mtu anayetengeneza gari yake nyumbani, kwa sababu huyo ndiye mteja wetu mkubwa hapa Butembo, na huyo ndiye aliyekaribia kuniua kwa mshtuko wa moyo.

Siku yangu ya kwanza, Mama Kavugho, mwenye meza, alimwaga beseni zima la buloni juu ya gunia akaniambia, “Panga.” Nikapanga kwa unene. Akaja, akatazama, akazichanganya tena kwa mguu. Nikapanga kwa urefu. Akazichanganya tena. Nilikuwa karibu kulia, maana nilikuwa nimevaa kitenge kipya na grisi ilikuwa imenifika kwenye viwiko. Ndipo akachukua buloni mbili nilizoziweka pamoja, akazilaza moja juu ya nyingine, meno kwa meno, akaziinua juani. Mwanga ukapita katikati.

“Unaona?” akasema. “Hawa hapana mapacha. Ni majirani tu.”

Hiyo ndiyo shule yangu yote. Meno ya buloni mbili yakishikana bila kuacha mwanga, ni ndugu. Yakiacha mwanga, mtu akizilazimisha zitaingia mizunguko miwili mitatu, kisha zitakataa, naye ataongeza bomba kwenye ufunguo wa kukazia ili apate nguvu, na hapo ataharibu tundu pamoja na buloni. Kesho yake atarudi kuwatukana ninyi, hatatukana bomba.

Watu wetu hawapendi garaji. Wanasema garaji inakula muda, na makanika akishafungua kitu kimoja lazima aone ugonjwa wa pili. Kwa hiyo wanaume wengi hutengeneza gari ndani ya lupango, uani kwao, chini kwenye udongo, kriki ya kuinulia gari imesimama juu ya kipande cha ubao na mke akishika tochi. Amortisa, vile vizuia mshtuko vya magurudumu, wananunua za occasion, zilizokwisha kutumika, zile zinazovuka kutoka Uganda, na zile huja uchi, hazina hata buloni moja. Buloni za zamani nazo zimeliwa na kutu, mwenye gari amezipiga nyundo hadi vichwa vimekuwa mviringo, mwishoni akazikata. Ndipo anakumbuka kwamba anahitaji zingine.

Anakuja kwako bila mfano. Hiyo mkubali tu. Mmoja anakuonyesha kidole: “Mama, nene sawa hiki.” Nimepima vidole vya wanaume wa mji huu kuliko muuza pete yeyote. Wenye akili huchukua kijiti cha muhogo kibichi, wanakisukuma ndani ya tundu, wanakuletea kijiti chenye alama. Wenye akili zaidi huchukua kipande cha sabuni ya kufulia, wanakikandamiza kwenye meno ya buloni iliyokatika, na sabuni inashika sura yake vizuri kabisa. Mteja wa sabuni mpe kiti akae. Mteja wa kidole mwambie arudi nyumbani akachukue sabuni.

Baada ya unene, urefu na meno, tazama kichwa. Buloni ngumu, ile inayoweza kushika gurudumu, ina namba kichwani. Ile isiyo na namba tuliita kipara. Kipara si mbaya, msiidharau. Inafaa kwa kitanda, kwa benchi la kanisa, kwa portail, lango la nyumba. Lakini chini ya gari, hapana. Wako pia wenye kugonga namba za uongo, kwa hiyo Mama Kavugho alinifundisha kugonganisha buloni mbili karibu na sikio. Ngumu inaimba. Laini inasema tok, basi. Na ukipitisha tupa juu ya ngumu, tupa inateleza.

Lakini kuliko yote, Mama Kavugho alikuwa na swali moja ambalo hakumsamehe mtu: “Ya kazi gani?” Mtu akikataa kusema kazi, hauzi. Siku moja bwana mmoja wa koti alikasirika akamuuliza, “Mama, hapa ni polisi?” Akamjibu bila kuinua macho, “Hapana, papa. Polisi banakuyaka nyuma, kisha aksida.”

Alipochoka akaniachia meza, na mimi nikashika swali lake. Watu wakaanza kuniita Mama Buloni, hata kwenye parokia, hata padri alisahau jina langu la ubatizo. Nilikubali. Kuna majina mabaya zaidi.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Sisi tulikuwa na desturi ya msumari. Mteja anakuja kueleza, mimi natafuta, naweka buloni na ekrou zake, zile nati, ndani ya sachet ya plastiki, nafunga, natundika kwenye msumari nyuma ya meza. Mwenyewe hana muda wa kurudi, basi anamtuma motari, dereva wa pikipiki: “Nenda ku Mama Buloni, ulete sachet ya Kambale.” Mnajua kwetu majina hufuata uzazi. Mtoto wa kiume wa pili katika nyumba ni Kambale, na nyumba gani ya Wanande haina mvulana wa pili? Ukiita Kambale pale sokoni, nusu ya wanaume wanageuka, na mbuzi mmoja. Kwa hiyo motari akija nilikuwa namuuliza, “Kambale wa wapi, ya kazi gani?” Akijibu vizuri, nampa.

Siku hiyo kulikuwa na sachet mbili za Kambale. Ya kwanza ilikuwa ya Kambale wa Mususa, fundi wa kulehemu, aliyekuwa anatengeneza portail ya mtu. Nilimwekea vipara. Ya pili ilikuwa ya Kambale wa Bulengera, muuza maharagwe, aliyenunua amortisa za mbele za Corolla yake na alikuwa anazifunga mwenyewe nyumbani. Huyo nilimwekea ngumu, zenye namba, zile zinazobana mguu wa amortisa kwenye kichwa cha gurudumu. Unene ni mmoja, urefu karibu mmoja. Kwa mtu asiyejua, ni sachet mbili za buloni tu.

Mchana nikaenda kwenye matanga ya jirani yetu. Meza nikamwachia Mama Noëlla, aliyeuza mipira ya ndani ya magurudumu pembeni yangu, kama nilivyokuwa nashika yake akienda kwake.

Kesho yake asubuhi sijamaliza hata kupanga beseni, Kambale wa Mususa akafika. Uso umevimba kwa hasira, mkononi ana msumeno wa chuma na sachet yake.

“Mama Buloni, umeniuzisha nini? Jana mangaribi yote nilikuwa nakata hii kitu nipunguze urefu. Ona musumeno, meno yote imekwisha. Buloni, hata alama haina.”

Nikachukua buloni. Nikageuza kichwa. Namba ilikuwa pale, inanitazama.

Nilimgeukia Mama Noëlla, na naye akaona uso wangu, akaweka chini kikombe chake.

“Jana motari alikuya,” akasema. “Akaniambia, nipe ya Kambale. Ilikuwa mbili ku musumari, nikamupa ya mbele. Wa pili akakuya nyuma, akabeba ile ilibakia.”

“Haukumuuliza ya kazi gani?”

“Sikuuliza. Mvua ilikuwa inakuya, nilikuwa nafunika vitu yako.”

Nilitafuta tusi la kumtukana, nikalikosa. Alikuwa anafunika vitu vyangu, kweli. Nilimnyang’anya Kambale wa Mususa sachet yake, nikamwambia achukue vipara vyovyote anavyotaka kwenye beseni, nikaifunga sachet ndani ya kitenge kiunoni, nikamwita Muhindo, motari wa kona yetu, anipeleke Bulengera mbio. Njiani nilikuwa najituliza: kazi ya nyumbani haimalizikagi siku moja, gari itakuwa bado imelala juu ya kriki, tutacheka.

Lupango lilikuwa wazi. Mkewe, Masika, alikuwa anaosha vyombo. Chini kulikuwa na alama ya kriki kwenye udongo, na gari haikuwepo.

“Bameenda,” akasema. “Anapeleka mama yake Beni, kule huyo koko wa batoto atapata gari ya kufika Kamango. Eko na haraka ya kuvuna kakao yake. Na batoto bako likizo, bakalia sana, akababeba.”

“Amortisa alifunga?”

“Jana mangaribi. Alikaza mpaka jasho. Akaniambia, Masika, ona, sikuenda ku garaji ya mutu.”

“Simu yake iko wapi?”

“Ile kubwa iko hapa ku charge. Ku barabara habebake, juu ya baporaji. Jaribu ile kidogo.”

Tulijaribu ile ndogo. Haikupatikana. Tulijaribu tena, haikupatikana. Nikamweleza Masika ukweli wote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona njia ya kuupunguza. Alikaa chini kwenye kizingiti, mikono yake bado ina povu.

“Mama,” akaniambia, “batoto bangu bako mule.”

Kama hamjapita barabara ya Beni, niwaambie kuna mteremko wa Kabasha. Barabara inashuka na kupinda, upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Pale gari inashuka kwa freni, yaani breki, na ukibana freni uzito wote unalala kwenye magurudumu ya mbele. Buloni ya portail inaweza kushika Corolla kwenye tambarare, kwa heshima tu. Kwenye mteremko ule haiwezi.

Muhindo alisema, “Mama, shuka, nitaenda peke yangu, nitakuwa na mbio zaidi.” Nilikataa. Kwenye barabara ile, hakuna dereva anayemsimamia motari asiyemjua akimpungia mkono. Ataongeza mwendo, na atakuwa na haki. Lakini Mama Buloni na kitenge chake, huyo Kambale angemtambua. Nikamshika Muhindo kiunoni, nikamwambia akimbize.

Sijawahi kuogopa namna ile, na nimepita miaka ambayo watu wa Butembo na Beni wanaijua bila mimi kuieleza. Kila kona nilikuwa natafuta kwa macho gari nyeupe bondeni. Tope lilikuwa linanirukia mdomoni kwa sababu nilikuwa nasali kwa sauti. Na sala zenyewe hazikuwa nzuri, zilikuwa ugomvi. Nilimwambia Mungu kwamba kama alitaka kunifundisha kitu, angenifundisha bila kuwaingiza watoto wa Masika.

Kwenye barrière, kizuizi cha askari, tulikuta kamba imefungwa. Askari mmoja kijana alinitazama nilivyolowa akauliza kwa Kilingala, “Mama, ozokima nani?” Yaani, unamkimbia nani.

“Sikimbie mutu, mwana wangu. Ninafuata. Corolla nyeupe, koko ndani na batoto wawili. Imepita?”

“Ile ya koko wa kuku?” Akacheka. “Imepita. Koko alibeba kuku ku magoti, akakataa tuishike.” Aliangalia uso wangu tena, akaacha kucheka, akashusha kamba mwenyewe.

Tulifika juu ya Kabasha penye ukungu. Kwanza niliona kuku. Alikuwa amefungwa miguu, amewekwa juu ya jiwe pembeni ya barabara. Kisha nikaona gari, nyeupe, imesimama, na watoto wawili wanakula mahindi juu ya boneti. Na koko alikuwa nusu ndani nusu nje: mguu mmoja kwenye gari, mwingine chini, na Kambale amemshika kwapani anamsukuma aingie.

“Mama, ingia tu, tutachelewa,” alikuwa anamwambia. “Nilifunga mwenyewe. Kila kitu ni mupya.”

“Mi sipande. Hii gari inakohoa ku muguu.”

Niliruka kutoka kwenye moto, pikipiki ya Muhindo, kabla haijasimama, nikaanguka kwa magoti, nikainuka. “Kambale, muache mama yako,” nikasema. “Zima moteri.”

Alinitambua, akashangaa. Nilipomweleza, hakuamini. Alisema buloni alizifunga kwa mikono yake, alizikaza mpaka mwisho, na ile sauti ni mawe tu ya barabara, na wazee wanapenda kusikia vitu. Sikubishana. Nilimwambia aweke mawe mbele ya magurudumu ya nyuma, apige kriki, atoe gurudumu la mbele la kulia, tuone.

Akatoa gurudumu. Tuliinama pamoja. Mguu wa amortisa unashikwa na buloni mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu haikuwepo. Ilikuwa imekatika njiani, na tundu lilikuwa wazi, unaona mwanga upande wa pili. Ya chini ilikuwa bado ndani. Nilishika ekrou yake kwa vidole, bila ufunguo, ikazunguka. Tulipoichomoa ilikuwa imepinda, na katikati imekonda kwa kuvutika.

Kambale alibaki amepiga magoti kwenye tope. Alitazama ile buloni, akatazama barabara inavyoshuka ndani ya ukungu, akatazama watoto wake.

“Nilikuwa nataka kumubeba kwa nguvu,” akasema polepole. “Mama yangu. Nilikuwa nataka kumuinua nimuingize.”

Koko alikwenda kuchukua kuku wake.

Tulifanya kazi pale barabarani, Kambale, Muhindo na mimi. Niligonganisha kila buloni sikioni kabla ya kumpa, ingawa nilizijua, kwa sababu siku ile sikujiamini hata mimi. Alizianza kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya kushika ufunguo. Hiyo muwaambie wateja wenu: buloni yake inaanza kwa vidole, isiyo yake inaomba nguvu tangu mwanzo. Akakaza, akashusha gari ikae chini kwa uzito wake, akakaza tena. Akafanya na upande wa kushoto, ambako zile mbili zilikuwa bado mahali pake lakini moja imeanza kupinda. Kisha akafuta mikono, akaniambia aksanti, na mimi nikaanza kutafuta mahali pa kukanyaga nipande moto nirudi Butembo kwa Masika.

“Wewe unaenda wapi?” koko akauliza.

“Ninarudi, koko. Sasa iko sawa.”

“Iko sawa?”

“Iko sawa kabisa.”

“Basi panda,” akasema. “Jana pia niliambiwa iko sawa. Wewe njo unauzishaka. Panda na sisi, tushuke wote.”

Kambale alianza kumwambia mama aniache, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Na watoto walikuwa wanatutazama. Nilitazama ule mteremko. Miaka yote ile nilikuwa nimeuzia watu vitu vya kushika magurudumu yao, naenda nyumbani kwa miguu. Sikuwahi hata siku moja kuketi juu ya nilichouza. Nawaambia kweli, nilitaka kusema kwamba nina kazi sokoni.

Nikapanda mbele, watoto wakaingia nyuma. Koko aliingia baada yangu, akaweka kuku magotini, akanishika mkono kwa juu ya kiganja, na alikuwa na mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote. Kambale akawasha moteri. Muhindo akatufuata nyuma na moto.

Gari ilishuka, ikapinda, ikashuka. Kila Kambale alipobana freni, koko alikaza mkono wangu, na mimi nikasikiliza upande wa kulia, nikasikiliza upande wa kushoto. Mawe yaligonga chini. Maji ya mvua yalikuwa yamechimba barabara, gurudumu likaingia ndani ya shimo kwa nguvu, likatoka. Nilisubiri ile tok. Haikuja. Tulipita pale pabaya kuliko pote, ambapo hata madereva wa malori hufanya ishara ya msalaba, na mtoto mmoja nyuma yangu akauliza kama Beni kuna mandazi.

Chini kabisa, barabara ilipolala, Kambale alisimamisha gari pembeni. Aliweka kichwa juu ya usukani. Koko aliniachilia mkono, kidole kimoja kimoja, akausugua mahali alipokuwa ameubana.

“Wasingya,” akasema. Ndiyo asante yetu ya Kinande. “Sasa unaweza kurudi kuuzisha.”

Niliwaaga, nikashuka. Gari ikaondoka kuelekea Beni, nikaisikiliza mpaka sikuisikia tena. Nikakaa palepale kwenye majani mabichi, na machozi yakaanza kutoka bila kuniuliza. Muhindo akazima moto yake, akaja mbio.

“Mama, uko mugonjwa?”

“Hapana,” nikamwambia. “Nimepona. Mupigie Masika.”